Kindi na Siku ya Kupaka Chokaa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakienda kazini kwa kengele, Mama Kanga ndiye wa kwanza kumwambia Kindi habari za mfereji uliomletea maji nyumbani.

"Jiwe limeporomoka kutoka kilimani, limeuziba," alisema. "Sasa watoto wangu wanateka maji mtoni, na mtoni yumo Mamba. Juzi kamnyofoa mmoja manyoya ya mkia. Siku nyingine atambeba mzima."

Mama Kanga alikuwa akilea yatima wa pori zima: vifaranga, watoto wa sungura, hata kinyonga mmoja asiyejua kwao ni wapi. Hakumtoza mtu chochote.

Naye Kindi alikuwa mpika chai katika kiwanda cha kukamua alizeti. Kila mwaka wafanyakazi wa kiwanda hicho walivaa fulana za kijani, wakaenda kwa Mama Kanga kujitolea. Na kila mwaka walipaka ukuta chokaa. Ukuta ulikuwa umenenepa kuliko watoto wa nyumba ile.

Siku hiyo kazini Kindi akamimina chai, akasema kwa sauti ndogo, "Bosi, mwaka huu si tungeliondoa lile jiwe la mfereji?"

Tembo, mkubwa wa kiwanda, akapiga funda. "Kindi mwanangu, mfereji unaonekana kutoka barabarani?"

"Hauonekani, bosi."

"Na ukuta je?"

"Unaonekana."

"Basi niongezee sukari."

Nyati na Kifaru, wakamuaji wa alizeti, wakacheka mpaka vikombe vikagongana, kacha kacha.

Kindi akaongeza sukari. Lakini kuongeza sukari si kushindwa, wanangu. Kesho yake ilikuwa ndiyo siku ya kujitolea. Jioni ile alipotoka kazini alipitia kwa Mama Kanga, wakanong'onezana, na mara mitungi yote ya maji ikainamishwa juu ya kabichi za bustanini: bwa, bwa, bwa.

Kulipokucha, fulana zikavaliwa. Ya Kifaru ikapasuka mgongoni, charr. Magunia ya chokaa yakashushwa.

"Leteni maji tukoroge," akaamuru Tembo.

"Maji yamekwisha, baba," akasema Mama Kanga. "Mto uko kule bondeni."

Wakateremka na ndoo. Wakipanda, nusu inamwagika njiani. Safari ya pili Nyati akakaa chini, akihema.

"Mimi niliajiriwa kukamua alizeti," akasema, "sikuajiriwa kuwa punda."

Punda, karani wa kiwanda, akamtazama kwa jicho la pembeni.

Kindi akajikuna sikio. "Upo mfereji hapo nyuma ya nyumba, ila umezibwa na jiwe. Tuuache tu. Vifaranga wanasema hata bosi hataliweza."

"Vifaranga gani?" akauliza Tembo.

"Hawa wadogo. Watoto hawana adabu, bosi, uwasamehe."

Tembo akaweka ndoo chini. "Jiwe lenyewe liko wapi?"

Tembo akasukuma kwa kichwa, Kifaru kwa pembe, Nyati kwa bega. Gu! Jiwe likatikisika. Gu! Likang'oka, likabingirika bondeni, gudugudu-gudugudu, na maji yakaja mbio, chwaaa, mpaka mlangoni. Vifaranga wakarukaruka. Kinyonga akageuka rangi ya buluu, asijue kama amegeuka.

Tembo akasimama tu, maji yakimpita miguuni. Mtoto wa sungura akamshika mkonga.

"Babu, kesho hatuendi tena kwa Mamba?"

"Hamwendi," akasema Tembo, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko ya Kindi.

Nyati, aliyekuwa amekwenda kutafuna kabichi moja kwa siri, akarudi na matope midomoni. "Wewe Kindi. Bustani imelowa chepechepe, na mvua haijanyesha. Ile mitungi ilikauka yenyewe?"

"Ilisaidiwa, kaka."

Wote wakamgeukia Tembo, wakingoja ngurumo. Tembo akamtazama Kindi, akawatazama watoto wanaooga, tumbo likaanza kumtetemeka kwa kicheko.

"Kumbe leo tumechungwa kama mbuzi," akasema. "Na mchungaji mwenyewe hanifikii kwenye ukucha."

Basi, wanangu, anayetaka kusaidia na aulize kwanza panapouma.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda kuwasha jiko la kiwandani, Kindi alipita kwa Mama Kanga, akaketi kizingitini, akauliza, "Mama, na hili paa lako linavuja upande gani?"