Mafundi Dawa wa Jerotich

Watu wengi wakiona chombo kinaelea hudhani ni maji tu yanayokibeba. Hawamfikirii fundi aliyekiunda ubao baada ya ubao, wala tezo iliyomchubua viganja. Jerotich alikuwa mmoja wa watu hao, na somo hilo lilimwingia kwa jasho.

Alikuwa mfamasia mkuu katika duka moja la dawa huko Lanham, ughaibuni, karibu na Beltway, barabara kuu ile isiyolala. Miaka hiyo ya tisini ikielekea ukingoni, maduka ya dawa yalichipuka kama uyoga, na kila duka lilihitaji mafundi dawa: wale wanaohesabu vidonge, wakabandika lebo na kubishana na watu wa bima kwenye simu, kisha mfamasia akahakiki kazi yao kabla dawa haijamfikia mgonjwa. Kwa Jerotich, mafundi hao walikuja na kuondoka kama wageni wa harusi. Mmoja aliaga vizuri. Mwingine alikwenda kula chakula cha mchana, na hadi leo hajarudi.

Si kwamba Jerotich alikuwa na roho mbaya. Tatizo lake ni kwamba hakutulia. Alizunguka nyuma ya kaunta kama kuku anayetafuta pa kutagia, simu begani, kalamu mdomoni, jicho moja kwenye kompyuta na jingine kwenye foleni. Mwanafunzi akisitasita kidogo tu, alimpokonya trei ya kuhesabia vidonge.

"Wacha, wacha! Leta hapa nifanye mwenyewe."

Aliyepokonywa trei kila siku hakujifunza kitu, na asiyejifunza hakuona sababu ya kubaki.

Pale mbele, kwenye mashine ya malipo, alikaa Ineza, msichana aliyekimbia vita Burundi na sasa aliishi kwa shangazi yake. Mara kwa mara alichungulia nyuma kwa hamu.

"Dada Jerotich, niko naomba na mie nijifunze kazi ya huko."

"Siku ingine, Ineza. Huoni foleni?"

Siku hiyo nyingine haikufika.

Ikatokea dawa fulani ikamwishia Jerotich, akaenda kuazima mji wa Falls Church, jimbo la pili la Virginia, kwenye duka la Phineas, Mtanzania aliyesoma naye chuo. Alipoingia alipigwa na butwaa. Foleni ilikuwa ndefu kuliko yake, lakini hakuna aliyekimbia. Vumilia, fundi dawa wa Phineas, alipokea simu, akafungasha dawa na kumtuliza bibi mmoja aliyekuwa akilalamika, yote bila kupandisha sauti. Jerotich alimmezea mate. Phineas alipoingia stoo, Jerotich alimsogelea Vumilia na kumnong'oneza:

"Nasikia unakaa Upper Marlboro, upande wetu? Kila siku unavuka daraja mpaka Virginia ya nini? Njoo kwangu, ni karibu na nyumbani."

Vumilia alikuwa amechoshwa na barabara. Akakubali.

Kwa muda Jerotich alipumua. Akajisifu moyoni kwamba amepata dawa ya mafundi dawa: mtu huokota aliyekwisha kuiva. Lakini Vumilia alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa taifa wa mafundi dawa, na siku moja aliomba msaada.

"Dada, kuna hesabu za kuchanganya dawa zinanishinda. Naomba unielekeze kidogo kabla hatujafungua duka."

"Mtihani wa nini tena? Kazi si unaijua? Ndiyo sababu nilikuchukua."

Vumilia aliomba tena mara kadhaa, akajibiwa vilevile. Kisha asubuhi moja akavua koti lake jeupe, akalikunja taratibu.

"Nimemwomba Phineas anipokee tena," alisema. "Heri foleni ya Beltway, dada. Kule angalau nasonga mbele."

Majira ya baridi yaliingia na mafua yake. Jerotich alibaki peke yake nyuma ya kaunta. Simu zililia kama watoto wenye njaa, na mikono yake ikafanya kazi kuliko macho. Jioni moja Akinyi, mama mwenye mtoto mchanga, alirudi mbio akihema, chupa mkononi.

"Daktari, hii dawa ni ya mwanangu kweli? Ile ya kwanza ilikuwa nyeupe. Hii ni nyekundu."

Jerotich aliipokea chupa, akaifungua na kuinusa. Lebo ilikuwa ya mtoto, lakini ndani mlikuwa na dawa kali ya kikohozi, ya mtu mzima.

"Umeshampa?"

"La. Nilinusa tu nikaogopa."

Jerotich aliiweka chupa kando. Aliomba radhi mbele ya foleni nzima, akatengeneza dawa sahihi, akampigia simu daktari wa mtoto na kueleza kosa lake bila kuficha. Akinyi aliondoka bila kuaga, amemkumbatia mtoto kifuani.

Siku yake ya mapumziko ilipofika, Jerotich aliendesha gari hadi Falls Church, akibadilisha njia ovyo huku akipigiwa honi. Phineas alimpokea kwa uso mkavu.

"Safari hii umekuja kuvuna nani shambani kwangu?"

"Nisamehe, Phineas. Lakini nirudishie Vumilia. Au nipe yeyote anayejua kazi. Juzi nusura niue mtoto."

Uso wa Phineas ukalegea. Kabla hajasema neno, Vumilia alidakia.

"Dada, kwani ulidhani nilizaliwa nikijua? Nilikuja hapa nikitokea kupika jikoni mwa shule. Siku ya kwanza nilimwaga chupa nzima ya vidonge sakafuni, wateja wanatazama."

"Nami nikawaacha wateja wanune, nikamngoja ajifunze," alisema Phineas. "Njoo uone."

Nyuma ya duka, Macaire, kijana Mkongo aliyeajiriwa karibuni, alikuwa akihesabu maharagwe kwenye trei badala ya vidonge, kwa mazoezi. Alikosea. Phineas alitia mikono mifukoni na kungoja. Macaire akahesabu upya, akakosea tena. Jerotich alihisi vidole vikimwasha, akatamani kuinyakua trei ile. Hapo ndipo alipojiona alivyo, na aibu ikamshika.

Kesho yake alimwita Ineza.

"Njoo huku nyuma. Siku ingine ni leo."

Haikuwa lelemama. Jerotich alifumbata mikono mgongoni, akang'ata midomo, akatembea huku na huko kama simba kizuizini. Wateja walinung'unika. Mmoja alihamisha dawa zake kwenye duka jingine, na Jerotich akamwacha aende. Siku nyingine Ineza alitupa kalamu, machozi yakamlengalenga.

"Mie siwezi, dada!"

"Hata mimi siwezi kutulia," Jerotich alijibu, "lakini unaniona nikijaribu. Anza tena."

Wakacheka, wakaanza tena. Mwaka haukuisha kabla Ineza hajaufanya mtihani wa taifa na kuufaulu. Habari zikaenea, na hospitali moja kubwa ikamwita akafanye kazi kwao. Safari hii Jerotich hakulalama wala hakumkumbusha fadhila. Alimketisha na kumuuliza:

"Ukibaki hapa, unataka ufike wapi?"

Ineza alifikiri. "Niko nataka kuingia chuo, nami nikuwe mfamasia. Unipe asubuhi za kusoma. Na huyu mwanafunzi mpya anayekuja, nimufundishe mie."

"Asubuhi umepata. Na mpya ni wako."

Ineza akabaki.

Miezi michache baadaye, msimamizi kutoka kampuni iliyomiliki duka hilo na mengine alipita kukagua. Alisimama kitambo akimtazama Ineza, namna alivyohudumia foleni huku akimwelekeza mwanafunzi wake kwa upole. Akamvuta Jerotich pembeni.

"Msichana huyu ulimwokota wapi? Tuambie, tukawatafute wengine huko huko."

Jerotich alicheka hadi akalazimika kujifuta macho. Angemtuma wapi? Hakuna soko wanakouzwa watu wa namna hiyo. Ama kweli, ukiona vyaelea, jua vimeundwa.