Zimwi na Mkato wa Mamake

Haya, tulieni. Mwenye kutafuna atafune kimya.

Zimwi mmoja alilogwa na mamake: lolote lililoandikwa mlangoni mwa pango lake, sharti alitende. Mama mwenyewe aliandika kwa mkaa: "Mtu akiingia, usimwache, mle."

Makame akaingia kufuata asali. Mkewe, Mwanaidi, alipofika mbio alimkuta amefungwa kamba, na chungu kinachemka. Mume mvivu yule, lakini alikuwa wake, na hakukusudia kurudi bila yeye.

Siri ya uchawi ule aliijua, kama kijiji kizima. Akaokota mkaa, akatia alama ya kuuliza mwishoni mwa maandishi ya mlangoni. Zimwi akasoma.

"Mle? Kumbe naulizwa! Ndiyo, namla."

Mwanaidi akaifuta, akatia alama ya kutoa, ile ya hesabu, kabla ya "mle".

"Kutoa?" Zimwi akacheka. "Vyema, bibie. Nitamtoa roho kwanza."

"Mke wangu, acha kuandika!" Makame akalia. "Kila ukiongeza unanimaliza!"

"Nyamaza, nafikiri."

Basi hakuongeza tena. Akatia mate kidoleni, akafuta alama ile pamoja na mkato wa mbele yake. Zimwi akasoma polepole: "Mtu akiingia, usimwache mle."

"Nisimwache mle? Mle ndani?"

"Mle pangoni. Hujui kusoma?"

Zimwi akanung'unika, lakini uchawi ni uchawi. Akambeba Makame, akamtua nje na kamba zake.

"Sasa mimi nitakula nini?"

"Kamuulize mamako," Mwanaidi akasema, akifungua mafundo. "Yeye ndiye aliyekusomesha."

Nami nimefika mwisho. Asiyeridhika akatunge yake.