Tupa na Jembe

Hadithi ninayo. Masikio mnayo? Basi tusicheleweshane.

Katika kijiji cha Kwembago, milimani Usambara, walikuwepo watu watatu. Nakiete alijaliwa ulimi: ukibishana naye jioni unakubali, asubuhi unajiuliza umekubali nini. Shemeji yake Shekiondo, fundi viatu, alijaliwa mikono: kilichoachana alikiunganisha. Na jirani yao Hoza alijaliwa sauti: akisoma tangazo la chanjo ya kuku, watu wanafuta machozi.

Kijiji kilikuwa na maktaba, chumba kimoja chenye bati la kuvuja. Kila mwaka vuli ikikaribia, watu walikusanyika pale kusherehekea vitabu. Walikunywa chai ya tangawizi, kila mtu akachagua cha kusoma msimu wa ukungu na matope. Mwaka huo, hata kabla ya siku ya sherehe, kilichotakiwa kilikuwa kimoja tu, hadithi ya mhunzi na mkewe, jina lake *Tupa na Jembe*.

Mwenyekiti wa kamati ya maktaba, Mzee Singano, akaliona jina kwenye jalada. Akaruka.

"Tupa na jembe? Vuli hiyo inaingia, watu wapande maharage, nyinyi mnawaambia watupe kila kitu? Na jembe!"

Hakufungua hata ukurasa. Akakifungia kabatini, ufunguo mfukoni. Kioze humo humo, alisema.

Nakiete alikuwa amekisoma hadi katikati, pale mke wa mhunzi amesimama mlangoni na mzigo kichwani, haijulikani anaondoka au anarudi. Akaenda kwenye kikao cha kamati na vyombo vyake vya shamba, akaviweka mezani.

"Baba Mwenyekiti, hiki kinaitwaje?"

"Unanifanya mtoto? Si tupa hiyo, ya kunolea?"

"Na hiki?"

"Jembe."

"Haya, vitaje kwa pamoja."

"Tupa na je..." Mzee akajishika mdomo. Wajumbe wakaangua kicheko. Akatoa ufunguo.

Kabati likafunguliwa, lo! Mvua za kwanza zilikuwa zimepenya. Kitabu kimelowa chapachapa, kurasa zimegandana, mshono umekatika.

"Basi," akasema Singano, na uso ukamng'aa kidogo, "Mungu ameamua."

"Mungu hajatoboa bati, Mzee," akajibu Shekiondo. "Bati ni la kamati."

Akakichukua. Akatenganisha kurasa mojamoja kwa ncha ya kisu cha kukatia ngozi, akazikausha kwa pasi ya mkaa, kitambaa juu yake, kisha akakishona kwa uzi wa viatu. Kikarudi kimevimba kama shavu la mwenye jino bovu, lakini kila neno linasomeka.

Singano hakuchoka. "Jina nimelielewa. Yaliyomo je? Kisomwe siku ya sherehe mbele ya wote. Akitoka hata mmoja kwa kuona aibu, kinarudi kabatini, na safari hii hakitoki."

Siku ya sherehe ikafika, Hoza akasimama kukisoma. Mvua ilikuwa inalipiga bati, sauti yake ikaipita. Mhunzi akampa sauti nzito ya kifuani. Mke wa mhunzi akampa maneno ya harakaharaka kama ya Nakiete, watu wakamgeukia mwenyewe wakacheka mpaka chai ikamwagika. Hakutoka mtu. Alipofika pale mlangoni, pa mzigo kichwani, akanyamaza anywe chai. Sauti ikasikika kutoka kiti cha mbele:

"Halafu?"

Alikuwa Mzee Singano.

Vigelegele vikapasuka. Kitabu kiko huru! Kwa furaha ile hakuna aliyekumbuka sura za mwisho.

Sasa shida. Nakala ni moja, na vuli ikishika njia zinateleza. Anayeazima kitabu anakaa nacho mpaka mvua ziishe.

"Nipeni mimi," akasema Nakiete. "Siwezi kumwacha yule mwanamke mlangoni na mzigo msimu mzima."

"Kila ukurasa umepita mikononi mwangu," akasema Shekiondo, aliyejifunza kusoma utu uzimani, "na sijamaliza kitabu hata kimoja maishani. Nataka hiki kiwe cha kwanza."

"Nyinyi mlisikiliza," akasema Hoza. "Mimi nikiwasomea watu, hadithi siisikii. Nataka nikisome kimya, peke yangu."

"Shemeji, wewe unasoma kwa kidole! Vuli itakwisha uko kwenye jalada!"

"Na wewe unaruka mistari kama mbuzi kwenye matuta!"

Na usiniambie wakisome pamoja. Walijaribu. Nakiete alifunua kabla Shekiondo hajamaliza mstari, Hoza akashindwa kujizuia akapaza sauti, wakagombana kabla ya ukurasa kwisha.

Mzee Singano akakohoa. "Na mimi? Nisingekifungia, mngekitaka hivi?"

"Kaa chini, Mzee!" wakasema wote watatu.

Akakaa. Lakini watu walitazamana, maana kulikuwa na ukweli kidogo.

Bila ulimi wa Nakiete kingeozea kabatini. Bila mikono ya Shekiondo kingekuwa uji wa karatasi. Bila sauti ya Hoza kingerudishwa kifungoni. Kitabu kiko mezani, mikono mitatu juu yake, hakuna anayeachia, na wingu jeusi limeshafika mlangoni.

Je, wewe ungempa nani? Taja jina moja, utuambie na sababu. "Wote" si jibu.