Shuka la Mama Nakijwa

Kitanda hutandikwa mgonjwa yumo. Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo fundi aliyetaka tuhame kwanza ndipo abadilishe bati, mkacheka, mkaja kuniuliza mgonjwa ni nani. Sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Kwetu Upareni alikuwapo binti wa kaka yangu, Nakijwa. Tangu utotoni hakutaka kazi nyingine ila uuguzi. Mwaka aliomaliza kidato cha nne, mama yake alipatwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalala, asiweze kushuka kitandani, lakini ulimi ulibaki mzima, na utani wake pia. Kaka yangu alikuwa ameshafariki. Nyumbani walikuwa wawili tu, nami nilikwenda kila asubuhi nikimaliza kukamua ng'ombe.

Bondeni palikuwa na chuo cha uuguzi cha binafsi. Kilimpa Nakijwa nafasi. Siku aliyotakiwa kupeleka jibu ilitukuta tukibadilisha shuka. Alimgeuza mama yake taratibu, akamlaza kwa ubavu, nami upande wa pili nikamshika bega asianguke.

“Haya, nieleze mazuri ya hicho chuo,” mama alisema, uso ukinielekea mimi.

“Ni karibu, mama. Nitarudi kila jioni. Tena wanafunzi ni wachache, mwalimu anamjua kila mmoja kwa jina.” Huku akisema, alilikunja shuka chafu hadi mgongoni pa mama, akatandika safi pale palipobaki wazi.

“Na mabaya?”

“Ada yake inauma. Halafu hawana hospitali yao. Siku nyingi mnajifunza kwa sanamu.”

“Sanamu ana raha,” mama alisema. “Hakojoi.”

Nilicheka. Nakijwa hakucheka.

“Na cha serikali?” nilimwuliza.

“Wodi zipo, shangazi, na ada nafuu. Lakini ni mbali, unalala hukohuko. Nani atamgeuza mama usiku?” Akalainisha shuka ambalo tayari lilikuwa limenyooka. “Nimeshaamua. Siendi popote. Mama apone kwanza.”

Tulimrudisha, tukamlaza kwa ubavu wa pili, na sasa alikuwa anatazamana na mwanawe. Mimi nikalivuta shuka chafu, nikaanza kutandika upande wangu.

“Nakijwa, hili shuka umelibadilishaje? Umeningoja nishuke?”

“Hapana, mama.”

“Umetandika nusu, ukanigeuza, shangazi yako anamalizia nusu. Na mimi nimo humuhumu. Ungengoja nishuke, ningelala kwenye uchafu mpaka leo.” Alipumua. “Labda nitapona, labda sitapona. Kitanda hutandikwa mgonjwa yumo, mwanangu.”

Nakijwa aliinama, akaficha uso shingoni mwa mama yake. Ule mkono mmoja mzima ukapanda polepole, ukampapasa kichwa.

“Nenda hapo bondeni,” mama alisema. “Wodi usiihangaikie. Wakikufundisha kitu kwa sanamu, njoo unifanyie mimi. Mimi nitakuambia panapouma.”

Jioni ile Nakijwa alishuka kupeleka jibu. Ada tuliisukuma kwa kuuza maziwa ya ng'ombe wangu na kwa msaada wa ndugu, na haikuwa rahisi, nisiwadanganye. Mchana nilikaa na wifi yangu. Usiku mwanawe alimgeuza, akimsimulia ya darasani, na mama akimsahihisha: “Mkono wako wa baridi, uupashe moto kwanza.” Majirani waliokuja kumjulia hali waliona hayo, wakalisikia neno lake, wakaenda nalo makwao.

Mama hakushuka kitandani tena. Lakini siku Nakijwa alipohitimu, aliingia chumbani na sare nyeupe, akasimama mlangoni akiona haya. Mama alimtazama kwa muda mrefu, yeye aliyekuwa amegeuzwa kila usiku wa miaka yote ile.

“Geuka,” alimwambia, “nikuone na huku nyuma.”

Naye akageuka, taratibu.

Basi nendeni mkamshikie fundi ngazi, na sufuria ziwekeni pembeni, tutapika humuhumu. Kitanda hutandikwa mgonjwa yumo.