Nyani na Yai Lililoitika

Paukwa!
— Pakawa.
Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!
— PAKAWAA!
Ehee, hapo sawa.

Hapo zamani za kale, wanyama wa msituni walikuwa na mila. Ukiokota kitu, huchukui tu. Unapaza sauti mara tatu: "Cha nani hiki?" Asipoitika mtu, ni chako.

Basi Nyani, huyu huyu mwenye makalio mekundu, alikuwa na njaa ya siku mbili. Tumbo ngurr, ngurr. Akapita, akapita, akafika kwenye majani marefu. Lo! Yai! Limebingirika kutoka kiotani kwa Mama Kanga, na mama mwenyewe kaenda mtoni kunywa maji.

Nyani akatazama huku, akatazama kule. Mila anaijua, tena anaiogopa. Akaziba mdomo kwa kiganja, akanong'ona: "La nani hili?" Kimya. Akanong'ona tena: "La nani hili?" Kimya. Mnacheka? Hata yeye alijicheka. Akalisogeza yai mdomoni, akanong'ona mara ya tatu: "La nani hili?"

"Pii!"

Nyani akaruka. Sauti imetoka ndani ya yai! Akaliweka sikioni. Lina joto, na kitu kinagonga: ko, ko, ko. Maskini Nyani! Tumbo linasema kula, mkono unakataa.

Mara Mama Kanga karudi kutoka mtoni, kakuta yai halipo kiotani: "Kekekee! Kekekee! Mwanangu yuko wapi?"

Angeweza kukimbia. Mti ulikuwa karibu. Lakini Nyani akavuta pumzi, akapiga ukelele mpaka majani yakatikisika: "Yai hili la naniii?"

"Langu!" Mama Kanga huyo, mbio, vumbi tifu!

Nyani akainama. "Nilitaka kulila, mama. Nisamehe. Lina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe."

Ko, ko, paa! Ganda likapasuka mkononi mwake. Kifaranga kikatoa kichwa, kimelowa, kikamkodolea macho Nyani. Mama Kanga akacheka huku analia. "Haya, mjomba mtu, usimwangushe!"

Nyani akaenda zake na njaa yake, anatabasamu peke yake. Toka siku hiyo, wanawe wakinyoosha mkono kwenye kitu cha watu, huwaambia: "Acheni, kina mwenyewe!" Nasi neno hilo tumelipata kwake.

Basi watoto, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikii: kitu kisicho na mtu karibu si kitu kisicho na mwenyewe. Uliza, tena uliza kwa sauti.

Hadithi yangu inakomea hapa. Na wewe Mwanakombo, rudisha hicho kiazi. Kina mwenyewe.