Nyigu, Mjusi na Yai la Mwisho

Hadithi, jamani!

Ilete, masikio tumeshayasafisha!

Hapo kale, kale sana, wadudu walipokuwa wakisalimiana asubuhi kama majirani, palikuwa na Nyigu mmoja, mama mwenye miguu mirefu, aliyebakiwa na yai moja tu tumboni.

Mtoto wa nyigu halishwi uji. Hula buibui, tena buibui aliye hai lakini amekufa ganzi. Basi Nyigu akaenda kuwinda. Akampata Buibui wa kwanza, akamchoma mwiba, akamlaza mchangani, akaanza kuchimba shimo la kumtia. Akachimba, akachimba, akachimba. Alipotoka, Buibui hayupo. Sisimizi walikuwa wameshambeba.

Jirani yake Mjusi, aliyekuwa akiota jua juu ya jiwe, akampa pole nyingi. Akamwambia safari nyingine asihangaike, amwachie yeye mzigo, atamlindia. Nyigu akafurahi kupata jirani mwema.

Akampata Buibui wa pili, akamchoma, akamkabidhi Mjusi. Akachimba, akachimba, akachimba. Alipotoka, Buibui hayupo. Mjusi alikuwa akihema. Akasimulia jinsi sisimizi walivyokuja jeshi zima, na jinsi alivyopigana nao mpaka nguvu zikamwishia.

Nyigu alimsikiliza mpaka mwisho. Pembeni mwa mdomo wa Mjusi palikuwa na mguu mmoja wa buibui. Moyo ukamuuma, maana jua lilishaanza kushuka na yai lilikuwa zito. Akashukuru, akaenda zake.

Buibui wa tatu alimzidi Nyigu ukubwa mara mbili, na nyigu wengi walikuwa wameishia mlangoni kwake. Nyigu akatikisa utando kidogo, kama nzi aliyenaswa. Buibui akatoka mbio, mate yakimtoka. Nyigu akampenyeza mwiba chini ya kifua. Buibui akalegea.

Safari hii hakumlaza chini. Akampandisha kwenye kijiti, akamning'iniza penye panda. Kisha akaokota donge la udongo, akalizungushia utando, akampelekea Mjusi.

"Jirani, nilindie huyu. Ndiye wa mwisho."

"Wewe chimba tu, dada. Nikiwapo mimi, nani atamgusa?"

Nyigu akachimba, akachimba, akachimba. Huku nyuma Mjusi akameza. Donge likakwama kooni, likakataa kushuka, likakataa kupanda. Mjusi akainua kichwa, akainamisha. Akainua, akainamisha.

Nyigu akatoka shimoni, akamtazama.

"Jirani, mbona unaitikia, na mimi sijakuuliza kitu?"

Mjusi akainua tena, akainamisha. Mpaka leo ukimkuta juu ya jiwe, anatikisa kichwa tu.

Nyigu akamshusha Buibui wake, akamburuta shimoni, akataga yai juu yake. Akaziba mlango kwa mchanga, akaushindilia kwa tumbo. Mama nyigu hufa kabla hajamwona mwanawe, naye alilijua hilo. Akashindilia tena, polepole, kisha akaruka.

Siku nyingi zikapita, mvua zikaja zikaondoka. Asubuhi moja mchanga ukacheza. Nyigu mdogo akatoboa mlango, ameshiba, akakausha mbawa zake juani.

Basi sikieni: mtu akijitolea kukulindia kitu, uliza kwanza yeye mwenyewe hula nini.

Hapa nimeitua hadithi yangu. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aiache palepale.