Tatu Nukta Tisa Mara Ishirini

Ndugu zangu, ilikuwapo kamati ya elimu ya usharika mmoja. Msianze kutazamana, sijasema ni usharika upi.

Kamati hiyo ilipewa na wafadhili nafasi moja ya kumpeleka mtoto wa usharika kusomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji. Nafasi ilikuwa moja tu, na sharti lilikuwa mwombaji awe hajatimiza miaka thelathini. Wakaomba wawili, binti na kijana. Kijana alikuwa na miaka ishirini na sita. Binti alikuwa na ishirini na tisa na miezi kumi. Naomba mwishike miezi hiyo kumi, kwa sababu kamati haikuishika.

Kijana alisoma hapa nchini. Karatasi yake ya matokeo ilionyesha GPA ya tatu nukta tisa, katika kipimo cha tano. Binti alisoma ng'ambo ya mpaka, na karatasi yake ilionyesha wastani wa asilimia sabini na moja. Wajumbe wakazigeuza karatasi zile mbili huku na huku. Mama katibu akasema, "Jamani, huyu kapimwa kwa kilo, huyu kapimwa kwa debe. Tutalinganishaje?"

Mwenyekiti alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mtu mwema, asiyechelewa ibada. Akacheka. "Mama, hilo nalo la kutusumbua? Tano ndiyo mia. Kwa hiyo kila moja ni ishirini. Zidisha." Akatoa simu, akazidisha tatu nukta tisa mara ishirini, akainua simu wote waone: sabini na nane. "Kijana kamwacha dada yake kwa alama saba. Kuna mwenye swali?"

Hakukuwa na mwenye swali. Chai ilikuwa bado haijafika, na jambo lilikuwa limekwisha.

Sasa, ndugu zangu, nawauliza ninyi, kwa kuwa wale hawakuulizana. Katika chuo cha kijana, tano hupatikanaje? Nitawaambia. Aliyepata alama sabini huandikiwa tano. Aliyepata tisini na tisa naye huandikiwa tano. Basi tano si mia. Tano ni sabini na kuendelea. Nne ni sitini na kitu. Mwenye tatu nukta tisa amefanya vizuri, simdharau, lakini wastani wake unazunguka hapo kwenye sitini. Ile sabini na nane haikuandikwa na mwalimu yeyote, katika mtihani wowote, wa mtu yeyote. Ilizaliwa kwenye simu ya mwenyekiti. Na watu saba wazima, watatu kati yao wana shahada, wakaipigia kura.

Binti akapata habari. Kesho yake akaja nyumbani kwa mwenyekiti, akakaribishwa kiti barazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Najua kilichokuleta. Hebu nijibu: sabini na moja na sabini na nane, ipi kubwa?"

"Sabini na nane, baba."

"Umejihukumu mwenyewe."

"Lakini baba, chuoni kwetu sabini ndiyo A. Darasa letu lilikuwa na watu sitini na wawili. Waliofika sabini tulikuwa wanne."

"Mwanangu, mia ni mia. Hata huko ng'ambo mia ina sifuri mbili, au wenzetu wameongeza ya tatu?"

Mke wa mwenyekiti alikuwa anachambua mchele pale pale barazani. Akacheka. Binti naye akatabasamu, kwa adabu. Kisha akasema, "Baba, karatasi zetu unazo hapa?"

"Ninazo."

"Naomba unisomee mstari wa mwisho wa karatasi ya mwenzangu. Usizidishe chochote. Soma tu."

Mwenyekiti akavaa miwani. Akasoma: "Daraja la pili, la juu."

"Na yangu?"

Mzee akasoma kwa macho, midomo imefungwa. Mkewe akaacha kuchambua. "Baba Tumsifu, soma basi tusikie."

"Daraja la kwanza," akasema.

Ilikuwa imeandikwa, ndugu zangu! Chini ya kila karatasi, kwa wino mweusi, na mhuri wa chuo juu yake. Kazi ya kulinganisha ilikuwa imeshafanywa na watu waliowafundisha vijana wale, waliowasahihisha, waliowajua. Hakuna aliyehitaji kuzidisha kitu. Ilihitajika kusoma karatasi mpaka chini. Hivi, ni kazi ngapi tunazofanya kwa bidii kubwa kwa sababu tumekuwa wavivu wa kazi ndogo iliyotangulia?

Mngetarajia niwaambie kwamba mzee alisimama, akapiga simu, jambo likarekebishwa. Majina yalikuwa yapelekwe Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Alikuwa na siku mbili nzima. Lakini alivua miwani, akaikunja, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, muhtasari umeshasainiwa. Mwakani omba tena, nitakupigania mimi mwenyewe."

Mwakani! Miezi kumi ile, ndugu zangu. Umri wake ulikuwa kwenye fomu, katika ukurasa wa kwanza, na huo nao hawakuusoma.

Binti akasema, "Asante baba," akaaga. Hakwenda kusoma mwaka ule, wala mwaka mwingine wowote.

Sasa tuje kwetu. Sisi nasi ni wepesi wa kuzidisha. Tunachukua namba ya mtu mwingine, tunaipitisha kwenye kipimo chetu, tunapata jibu, na kwa kuwa kuzidisha kwetu ni sahihi tunadhani tumetenda haki. Mama anayekuja ibadani mara moja kwa mwezi tunamwandika mlegevu, bila kuuliza anatembea mwendo wa saa ngapi na anamwachia nani mgonjwa wake. Tunamwendea mgane tunamwambia, "Miezi saba sasa, inatosha." Saba kati ya ngapi? Nani alikupa jedwali hilo? Uliwahi kumuuliza waliishi pamoja miaka mingapi, au anapika kwa sufuria ipi siku hizi?

Kutojua si dhambi. Mwenyekiti yule Jumanne hakujua, na ningemtetea mbele ya mtu yeyote. Lakini Jumatano alijua. Alisoma kwa macho yake, akaona kwamba sahihi za wajumbe saba ni nzito kuliko binti wa watu, akamwita mwanangu huku anamfungia mlango. Hapo siwezi kumtetea, na nimejaribu, maana namfahamu vizuri, na mimi ni mmoja wa wale saba.

Naam. Nilikuwapo. Nilikuwa na kalamu mkononi, nikasaini nikisubiri chai.

Leo baada ya ibada kamati ya elimu inakaa saa nane. Kuna majina tisa mezani. Wajumbe wenzangu, tutasoma kila karatasi mpaka mstari wa mwisho, hata kama jua litatuchwea. Lakini kabla ya hayo majina tisa, kuna nyumba moja nyuma ya kiwanda cha mbao ambako hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda kusema tumekosea. Mimi nakwenda sasa hivi, tukishatoa baraka. Anayetaka kufuatana nami, anisubiri mlangoni.

Tusimame.